SAFARI ZA BAHARINI WAKATI WA LIKIZO NA SIKUKUU: NAMNA YA KUPUNGUZA GHARAMA NA KUEPUKA USUMBUFU

Kila inapowadia miezi ya likizo za skuli, na hasa siku za kukaribia Sikukuu za Idd-el-Fitri na Idd-el-Haji, bandari ya Malindi Unguja na bandari ya Mkoani Pemba hupokea wasafiri wengi kupita siku za kawaida. Watumishi wa Serikali huenda kuwaangalia wazee wao, wanafunzi hurejea makwao, na jamaa walioko Dar es Salaam huvuka kuja kusherehekea pamoja na wenzao. Adha za siku hizo zinafahamika na kila mkaazi wa visiwa hivi: foleni ndefu, tiketi zilizopanda bei mikononi mwa walanguzi, mizigo inayozuiliwa mlangoni, na watu wanaolala bandarini kwa kukosa chombo cha kurudia kazini.

Makala haya yana madhumuni ya kueleza namna msafiri anavyoweza kupunguza gharama na kuziepuka adha hizo. Mambo yatakayotajwa ni mengi, lakini msingi wake ni mmoja, nao ni huu: njia iliyo nafuu kwa mfuko wa msafiri ndiyo hiyo hiyo iliyo salama kwa maisha yake. Aliyekata tiketi mapema, dirishani, kwa jina lake mwenyewe, amelipa nauli ya halali na pia amehesabiwa miongoni mwa abiria wa chombo.

KUPANGA SAFARI MAPEMA

Gharama kubwa ya safari huanza kabla msafiri hajafika bandarini. Mtu anayeamua kusafiri jioni ya kuamkia sikukuu hana la kuchagua. Hupanda chombo kilichopo, kwa daraja lililobaki na kwa bei atakayotajiwa. Mtumishi anayewasilisha maombi yake ya likizo mapema humpa mkuu wa ofisi nafasi ya kupanga zamu za kazi, na yeye mwenyewe hupata nafasi ya kuondoka siku chache kabla ya msongamano.

Aidha, safari ya kurudi isisahauliwe. Wengi hushughulikia kwenda tu, wakaja kutanabahi siku ya mwisho ya mapumziko kwamba kila mtu anataka kurudi kwa chombo kile kile ili awahi kazini asubuhi ya pili. Inafaa tiketi za kwenda na kurudi zikatwe kwa pamoja, na ikiwezekana siku ya kurudi iwe moja au mbili kabla ya siku ya kuripoti kazini.

Katika kuchagua chombo, msafiri asitazame nauli peke yake. Boti ziendazo kasi huvuka baina ya Dar es Salaam na Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Meli zinazochukua abiria na mizigo huchukua muda mrefu zaidi, na nauli zake kwa kawaida ni ndogo. Hata hivyo, msafiri anayeshuka Mkoani wakati gari za abiria za kwenda Chake Chake na Wete zimekwisha, akalazimika kukodi gari au kutafuta pahala pa kulala, anaweza kujikuta ametumia zaidi ya yule aliyelipa nauli kubwa akafika mchana. Hesabu ya safari ni ya kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba. Rahisi, wahenga walisema, huvunja upishi.

TIKETI NA JINA LILILOANDIKWA NDANI YAKE

Tiketi inunuliwe katika ofisi ya chombo kinachohusika au kwa wakala wake anayetambulikana, na msafiri achukue risiti. Watu wanaozunguka nje ya milango ya bandari wakinadi tiketi hawana faida wanayomletea mwananchi. Tuchukue mfano wa familia ya watu watano. Mlanguzi akiongeza shilingi 5,000 tu katika kila tiketi, familia hiyo itapoteza shilingi 25,000 katika kwenda, na shilingi 50,000 ikiwa itafanya hivyo hivyo katika kurudi. Fedha hizo zingetosha kununulia zawadi au mahitaji ya nyumba.

Hasara ya fedha, hata hivyo, ndiyo ndogo. Tiketi ya mkononi mara nyingi huwa na jina la mtu mwingine. Msafiri anapofika mlangoni na kutakiwa aonyeshe kitambulisho, jina la tiketi na jina la kitambulisho hayalingani, na hapo huanza mabishano ambayo humalizika kwa yeye kubaki gatini huku chombo kikiondoka. Kwa hivyo kila msafiri mtu mzima awe na kitambulisho chake, ahakikishe jina lake limeandikwa sawasawa kabla hajaondoka dirishani, na asome masharti ya tiketi kuhusu kubadilisha siku au kurejeshewa nauli.

Inafaa ielezwe kwa nini jina hilo lina umuhimu mkubwa kiasi hicho. Kutokana na tiketi hutengenezwa orodha ya abiria. Orodha hiyo ndiyo inayoonyesha kama idadi ya watu waliomo imezidi ile iliyoruhusiwa katika cheti cha chombo, na idadi iliyoruhusiwa ndiyo inayolingana na vifaa vya kuokolea maisha vilivyomo. Anayepanda bila ya tiketi, au kwa tiketi ya mtu mwingine, huiharibu hesabu hiyo.

Visiwa vyetu vilijifunza jambo hili kwa msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kuelekea Pemba. Idhini yake ilikuwa ya abiria wasiofika 700. Uchunguzi wa Tume iliyoundwa na Serikali ulionyesha kwamba walikuwamo zaidi ya watu 2,000. Zaidi ya watu 1,500 walifariki au hawakuonekana tena. Orodha ya abiria haikuweza kueleza ni nani waliokuwamo, kwa sababu wengi hawakuandikwa, na majina ya waliopotea yakabidi yatafutwe kwa jamaa zao. Inajulikana pia kwamba wapo watu ambao, walipoona wingi wa abiria na mizigo usiku ule, waliamua kutosafiri. Watu hao walipoteza nauli, wakabaki na roho zao.

Kwa mintarafu hiyo, watoto nao waandikwe, hata wachanga wanaobebwa mikononi. Mzazi asifurahie kwamba mtoto wake amepita mlangoni bila ya kuulizwa. Mtoto asiyehesabiwa hana jaketi lililowekwa kwa ajili yake.

MIZIGO

Usumbufu mwingi wa bandarini hutokana na mizigo. Msafiri aulize wakati wa kukata tiketi ni kilo ngapi anazoruhusiwa kuchukua bila ya malipo, na apime mzigo wake nyumbani. Kulipia uzito uliozidi mlangoni, mbele ya foleni, ni ghali na ni fedheha. Mzigo mkubwa usio wa haraka ni nafuu kuupeleka kwa meli ya mizigo kuliko kuuburura katika boti ya abiria.

Vile vile yafuatayo yazingatiwe:

(a) Kila mzigo uandikwe jina la mwenyewe na pahala unapokwenda. Fedha, dawa, vitambulisho na hati ziwe katika mfuko mdogo usiotoka mkononi.

(b) Malipo ya mchukuzi yakubaliwe kabla ya mzigo kuinuliwa. Ugomvi wa hamali na abiria, mara nyingi, ni wa bei ambayo haikutajwa mwanzoni.

(c) Petroli, mitungi ya gesi na vitu vingine vinavyoshika moto visichanganywe na mizigo ya abiria. Kuvificha ndani ya nguo ni kuwahatarisha watu wote waliomo chomboni.

(d) Anayevuka na bidhaa za biashara au chombo kipya cha umeme achukue risiti ya ununuzi na aulize Forodha mapema juu ya taratibu zinazohusika. Anayechukua mimea, nyama au wanyama hai aulize kuhusu vibali.

(e) Karafuu ni zao ambalo biashara yake husimamiwa kwa sheria, na Serikali huinunua kupitia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Kusafirisha karafuu kwa njia za panya ni kosa. Asikubali mtu kupokea furushi la mwenziwe asilolijua lina nini.

(f) Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni, 2019. Msafiri anayekwenda huko atumie vikapu au mifuko mbadala.

HALI YA BAHARI

Wazee wetu hawakusafiri bila ya kuutazama upepo, na desturi hiyo haijapitwa na wakati kwa sababu tu ya kuwapo kwa injini. Kusi huvuma kwa nguvu hasa katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na mawimbi katika mikondo huwa makubwa. Kaskazi hutawala kuanzia Disemba hadi Machi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa wanaotumia bahari pale upepo unapotarajiwa kufikia kasi ya kilomita 40 kwa saa na mawimbi kufikia urefu wa mita mbili. Kabla ya kuondoka nyumbani, msafiri asikilize taarifa hiyo redioni, au aitafute kwa njia nyengine.

Meli ya MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai, 2012, bahari ikiwa imechafuka. Watu wengi walipoteza maisha. Kwa hivyo pale chombo kinapozuiliwa kuondoka kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, abiria wasimshurutishe nahodha wala kuwalaumu maofisa wa bandari. Mwezi wa Mei, 2024, kilipokaribia Kimbunga Hidaya, safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa. Waliokuwa na akiba ya fedha za siku moja au mbili walisubiri kwa utulivu. Waliotumia senti yao ya mwisho kwa zawadi walitaabika. Inashauriwa kila msafiri aweke kando fedha za chakula na malazi za siku mbili, na asiziguse mpaka amefika kwake.

NDANI YA CHOMBO

Msafiri akishapanda, jambo la kwanza ni kutazama jaketi za kuokolea maisha ziko wapi, namna zinavyovaliwa, na milango ya kutokea iko upande gani. Maelezo yanapotolewa na mabaharia, yasikilizwe. Njia na ngazi zisizibwe kwa mizigo wala mikeka.

Kwa wanaochafukwa na roho baharini, sehemu ya katikati ya chombo na ya chini ndiyo isiyoyumba sana. Husaidia kula chakula chepesi kabla ya safari, kuyaelekeza macho mbali kwenye upeo wa bahari, na kuacha kusoma. Wengine hupata nafuu kwa tangawizi. Dawa za kuzuia kichefuchefu hunywewa kabla ya kupanda wala si baada ya kuanza kutapika, nazo huleta usingizi. Wajawazito, wazee na wenye maradhi wamuulize daktari au mfamasia kwanza. Maji na chakula kutoka nyumbani huokoa fedha na tumbo.

Iwapo abiria ataona wazi kwamba watu waliomo wamekizidi chombo, ashuke kabla kamba hazijafunguliwa, na atoe taarifa kwa maofisa wa Shirika la Bandari au wa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Zanzibar. Kushuka huko si woga.

WATUMISHI WANAOSAFIRI KIKAZI

Mtumishi anayesafiri kwa kazi za Serikali kwa fedha za masurufu akumbuke kwamba marejesho yake yanahitaji tiketi na risiti zenye jina lake. Tiketi iliyonunuliwa kwa mlanguzi haina risiti, na bei yake ya ziada haina wa kuilipa isipokuwa yeye mwenyewe. Nyaraka hizo zihifadhiwe pamoja, na marejesho yafanywe mara tu baada ya kurudi.

HITIMISHO

Yote yaliyoelezwa hapa yamo katika uwezo wa mwananchi wa kawaida. Hayahitaji fedha nyingi wala kujuana na mkubwa. Yanahitaji kuanza mapema, kuuliza, na kukataa njia ya mkato hata pale inapoonekana kuokoa saa moja au shilingi chache. Serikali ina wajibu wake wa kukagua vyombo na kusimamia sheria, na abiria naye ana wajibu wake: ahakikishe kwamba yeye na kila aliyefuatana naye ameandikwa katika orodha kabla chombo hakijang'oa nanga. Tahadhari, kama ilivyo desturi yetu kusema, ni kabla ya athari.

Wasafiri wote wanatakiwa safari njema na marejeo ya salama.