Tinian: Bei ya Kilomita 2,400

Dola 18 kwa ekari kwa mwaka. Ukigawanya malipo yote kwa ardhi yote na miaka yote ya mkataba, hiyo ndiyo kodi ambayo jeshi la Marekani limelipia theluthi mbili za Tinian, kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 100 katika Bahari ya Pasifiki. Humo kumo uwanja wa North Field, ambako ndege iliyoangamiza Hiroshima iliruka usiku wa manane kuamkia alfajiri ya Agosti 6, 1945.

Thamani ya Tinian ilikuwa umbali. Kutoka hapo hadi Tokyo ni kilomita zipatazo 2,400, na B-29 iliweza kwenda na kurudi ikiwa na mabomu. Kabla ya hapo, mwaka 1944, ndege hizo zilishambulia kutoka Chengdu, China. Mafuta yake yalipitishwa angani juu ya Himalaya, safari kadhaa za kubeba mafuta kwa shambulio moja tu, na Tokyo bado haikufikika. Marekani ilikuwa imetumia takriban dola bilioni 3 kwa mradi wa B-29, zaidi ya ulivyogharimu mradi wa bomu la atomiki lenyewe. Bila kisiwa cha karibu, fedha hizo zingekuwa zimekwama.

Kwa hiyo Julai 24, 1944 wanamaji walitua Tinian, iliyokuwa chini ya Japani na imejaa mashamba ya miwa. Siku 8 baadaye kisiwa kilikuwa mikononi mwao. Wamarekani zaidi ya 300 walikufa, na Wajapani maelfu.

Kisha likaja jeshi la wajenzi, watu wapatao 15,000. Walivunja matumbawe, wakayashindilia, wakamwaga lami juu. Kufikia Mei 1945 North Field ilikuwa na njia 4 za kurukia ndege zilizolala sambamba, kila moja karibu kilomita 2.6 kwa urefu na mita 60 kwa upana. Hizo ni hekta zaidi ya 60 za njia peke yake, bila kuhesabu maegesho wala barabara za kuzifikia. Urefu huo ulihitajika kwa sababu B-29 iliyojazwa mafuta na mabomu ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 60. Njia nyingine 2 zilikuwa West Field, kusini zaidi.

Dunia inaikumbuka North Field kwa safari mbili tu, ya Hiroshima na ya Nagasaki. Lakini ndege zake zilishiriki pia kuichoma Tokyo usiku wa Machi 9 kuamkia 10, watu wapatao 100,000 wakafa. Tena zilimwaga maelfu ya mabomu ya kutega katika bahari ya Japani, yakazuia meli za chakula na mafuta.

Nasi wasemaji wa Kiswahili tumo katika hesabu hii. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Mwaka 1942 Wamarekani walinunua tani zipatazo 1,200 za madini hayo, yaliyokuwa yamehifadhiwa New York, kutoka kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Wakongo walioyachimba hawakuambiwa yangetumika kwa kazi gani. Kufikia mwisho wa 1945, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na zaidi ya 70,000 Nagasaki.

Vita vilipokwisha, uwanja uliachwa. Lusina, mti uleule tunaolishia mifugo, ukafunika lami. Mwaka 1948 Wachamorro waliokuwa wakiishi Yap walihamishiwa Tinian, wakaanza maisha upya kusini mwa kisiwa.

Mwaka 1983 Marekani ililipa dola milioni 33, mara moja, kwa ekari zipatazo 18,000, karibu zote Tinian, kwa miaka 50 yenye haki ya kuongeza 50 mingine bila malipo zaidi. Ukihesabu miaka yote 100, ndiyo asili ya dola 18. Aprili 2024 ilitoa mkataba wa dola milioni 409 wa kufufua North Field, safari hii kwa kuihofia China. Fedha za kukarabati lami, basi, ni zaidi ya mara 12 ya kodi ya karne nzima. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 2,044, hivyo ukarabati huo ni sawa na dola 200,000 kwa kila mkazi.

Kwa vipimo hivyo, ardhi ya Tinian ilichukuliwa kwa bei ya kutupa. Na mkataba ukiongezwa, hautakwisha hadi 2083.