Maji ya Kilindini na Mwanzo wa Mwezi



Kila anayevuka Likoni analijua jambo hili. Siku nyingine maji yamejaa, feri inakaa karibu sawa na barabara na magari yanashuka bila taabu. Siku nyingine maji yamekupwa mpaka sakafu yote ya saruji imejitokeza, mteremko umekuwa mkali, gari la chini linasugua tumbo na mkokoteni unataka watu wanne wa kusukuma. Basi yale maji yamekwenda wapi?

Mtoto akikuuliza swali hilo usimnyamazishe. Jibu lake laanzia hapo kivukoni, lapita mwezini, na ukizidi kulifuata linakufikisha kwenye mwanzo wa dunia, jua na nyota. Hebu tulifuate pole pole.

Bamvua na maji mafu

Wavuvi wa Mji wa Kale hawana haja ya kufundishwa na gazeti. Wao huhesabu siku za mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua, na kwa kawaida huwa kali zaidi siku moja au mbili baadaye. Hapa Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu maji huwa mafu, tofauti ni kama mita 1 tu. Tena wakati wa bamvua maji yetu hukupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na vivyo hivyo usiku. Ndiyo sababu watafutaji wa pweza huonekana mwambani asubuhi za siku hizo.

Hapa nitie neno la tahadhari kabla hatujapanda angani. Toka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6, lakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo sana, kama sehemu moja ya 12. Saa ya tatu na ya nne kwa pamoja hupanda nusu yote. Yaani siku ya bamvua ya mita 3, mita moja na nusu yaja katika saa 2 tu! Mtu aliye mwambani aona maji yanamlowesha vifundo vya miguu, asema bado wakati upo, kumbe mkondo ulio kati yake na ufuo umekwisha jaa. Maji yakigeuka, rudi. Usingoje kapu lijae. Jedwali la saa za maji huchapishwa na Halmashauri ya Bandari, na yafaa kila shule iliyo karibu na bahari iwe nalo ukutani.

Mwezi unavyovuta maji

Kila kitu huvuta kingine, na kilicho karibu huvutwa zaidi. Mwingereza Isaac Newton alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1687. Mwezi wavuta dunia yote, lakini upande unaouelekea huvutwa kuliko katikati ya dunia, na maji ya upande huo yanafura. Sasa upande wa pili je? Huko ni kinyume: dunia yenyewe inavutwa kuliko maji yaliyo mbali zaidi, kwa hiyo maji yanaachwa nyuma kidogo, nayo yanafura. Hivyo kuna vimo viwili vya maji, na dunia ikijizungusha, Mombasa inapita penye vyote viwili. Ndiyo maana maji hujaa mara mbili. Na kwa kuwa mwezi nao unasogea, kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Sura ya bahari na ya pwani hubadilisha saa na kimo, ndiyo sababu bandari moja haifanani na nyingine.

Jua pia huvuta maji, ila nguvu yake katika kazi hii haifikii nusu ya nguvu ya mwezi, maana liko mbali: kilomita milioni 150, na mwezi ni kilomita 384,400 tu. Jua na mwezi vikiwa katika mstari mmoja, vinasaidiana na tunapata bamvua. Vikivuta kwa upande upande, ni maji mafu.

Mwezi unatukimbia

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Dunia hujizungusha haraka kuliko mwezi unavyoizunguka, kwa hiyo ule uvimbe wa maji husukumwa ukatangulia mbele ya mwezi kidogo. Uvimbe huo nao huuvuta mwezi kwenda mbele, na mwezi ukipata nguvu hiyo unasogea mbali. Wakati huo huo maji yanasugua sakafu ya bahari, na dunia inapunguza mwendo kama gurudumu lililoshikwa breki.

Si ubishi wa barazani huu. Wanaanga wa Marekani waliotua mwezini mwaka 1969 waliacha huko vioo maalumu. Wataalamu hutuma mwanga wa leza, unagonga kioo na kurudi, nao hupima muda. Mwezi unakwenda mbali kwa sentimita 3.8 kila mwaka, karibu sawa na ukucha unavyokua. Ushahidi wa pili umo katika matumbawe. Matumbawe huongeza safu nyembamba kila siku na alama ya kila mwaka. Mwaka 1963 John Wells wa Marekani alihesabu safu za matumbawe yaliyogeuka mawe, ya karibu miaka milioni 400 iliyopita, akakuta mwaka ulikuwa na siku kama 400. Urefu wa mwaka ulikuwa ule ule, ila siku zilikuwa fupi!

Basi kama mwezi unazidi kwenda mbali, zamani ulikuwa karibu. Ulitoka wapi? Wanaanga wa Apollo walirudi na kilo 382 za mawe na udongo wa mwezi. Mawe hayo yalipochunguzwa, oksijeni iliyomo ilionekana kuwa karibu sawa kabisa na ya dunia, lakini mwezi una chuma kidogo sana. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba karibu miaka bilioni 4.5 iliyopita, yaani miaka milioni elfu nne na mia tano, dunia changa iligongwa na gimba lenye ukubwa kama wa sayari ya Mirihi. Mawe yaliyoyeyuka yakarushwa juu, yakakusanyika, yakawa mwezi. Kwa hiyo kinachovuta maji ya Kilindini yaelekea ni ndugu wa ardhi hii tunayokanyaga.

Wingu lililozaa jua

Dunia yenyewe, pamoja na Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali na nyingine, ilitokana na wingu kubwa la gesi na vumbi. Wingu lilijivuta ndani kwa uzito wake, na kadiri lilivyojikunja ndivyo lilivyozunguka kwa kasi, kama mtoto anayejizungusha akikunja mikono. Katikati pakawa na joto kali mno, jua likawaka. Pembeni vumbi likagandamana: karibu na jua zikatokea sayari za mawe na chuma, mbali kwenye baridi zikatokea kubwa za gesi. Haya yalianza karibu miaka bilioni 4.6 iliyopita.

Na lile vumbi? Lilitoka katika nyota zilizokufa kabla. Kalisiamu, kaboni na oksijeni, ambazo ndizo mawe ya matumbawe yaliyojenga Fort Jesus na nyumba za Mji wa Kale, zilipikwa ndani ya nyota. Kuhusu nyota zilizokufa, pwani yetu ina sehemu yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani tu, maana eksirei hizo hazipenyi hewa yetu. Ilisaidia kumulika gimba la Cygnus X-1, ambalo leo hutambuliwa kuwa shimo jeusi: mabaki ya nyota yaliyojikunja hata mwanga hautoki. Vitabu vyetu vya shule vingeweza kuisema habari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Padre aliyetaja mwanzo

Na ulimwengu wote je? Mwaka 1927 Georges Lemaître, padre Mkatoliki wa Ubelgiji, aliandika kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alionyesha kwamba makundi ya nyota yaliyo mbali zaidi yanatukimbia kwa kasi zaidi. Ukirudisha nyuma, vyote vilikuwa pamoja, vimesongamana na vyenye joto lisilosemeka. Leo umri wake unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Masalio ya joto lile yaligunduliwa na Penzias na Wilson, wakatangaza mwaka 1965. Wenye kukumbuka televisheni za zamani, zile chenga baada ya stesheni kufungwa, sehemu ndogo yake ilikuwa masalio hayo hayo.

Wasomaji wengine watauliza kama hili linapingana na kitabu cha Mwanzo. Lemaître hakuona hivyo, lakini pia hakutaka hesabu zake zifanywe uthibitisho wa imani. Papa Pius XII alipozungumza kwa kuelekea huko mwaka 1951, padre huyu hakufurahi. Nadhani alifanya vyema.

Ukitaka kuanza na watoto, chukueni daftari na mwende mahali salama, kama ukuta wa Mama Ngina. Kila siku kwa siku 30 andikeni saa ya maji kujaa, yamefika jiwe gani, na umbo la mwezi. Siku ya mawingu andikeni mawingu. Mkimaliza, linganisheni na jedwali la bandari.