Njia za baiskeli za milimani: kwa nini vijana wanahitaji kibali cha halmashauri

Katika vitongoji vingi vya Australia, vijana huchimba njia na matuta ya kurukia baiskeli msituni bila kibali. Mara nyingi mwisho huwa mmoja: halmashauri husawazisha matuta hayo, nao vijana huhamia kwingine na kuanza upya.

Hornsby, kaskazini mwa Sydney, mkondo mwingine ulifuatwa. Halmashauri yenyewe ilijenga njia za baiskeli katika bonde la Old Mans Valley, eneo lenye masalia ya msitu wa mikalitusi ulio hatarini kutoweka. Mvua iliponyesha, njia zilifungwa hadi udongo ukauke.

Sababu ni kwamba adui mkubwa wa njia si magurudumu peke yake, bali ni maji. Njia inayoshuka kilima moja kwa moja hugeuka kuwa mfereji; maji hubeba udongo, mizizi hubaki wazi, na waendeshaji wanaokwepa makorongo huipanua njia kila siku.

Kwa hiyo wajenzi stadi huikata njia kwa kukizunguka kilima. Kanuni yao ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima: kilima kikiwa na asilimia 16, njia isizidi asilimia 8. Ukingo wa nje huinamishwa kidogo, na njia hupandishwa na kushushwa kwa zamu, ili maji yatoke kabla hayajapata kasi.

Halmashauri ina nafasi gani? Kwanza, hutambua ardhi ni ya nani, kwa kuwa baadhi ya misitu iko chini ya serikali ya jimbo. Pili, huchunguza mimea, wanyama na maeneo ya urithi wa Wenyeji wa Asili, ambayo mchimbaji asiyejua anaweza kuyaharibu daima. Tatu, hukusanya maoni ya wakazi, wakiwemo watembea kwa miguu.

Familia zinazotaka njia mtaani mwao zinaweza kumwandikia diwani wao, kuhudhuria vikao vya maoni, au kujiunga na vikundi vya kujitolea vinavyokarabati njia. Maombi huwa na uzito zaidi yanapoambatana na ahadi ya kuzitunza, kwani njia isiyotunzwa huishia kufungwa.