Kabla ya Kusema Mtoto Hajui Kusema

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la kwanza katika kijiji kimoja nje ya Tukuyu. Akionyeshwa picha anasema "lafiki" badala ya "rafiki", na "sawadi" badala ya "zawadi". Mwisho wa muhula mwalimu anamwita mama yake mbele ya wazazi wengine na kumwambia: "Mama, mwanao ana tatizo la kusema, mpeleke akatibiwe." Je, mtoto huyu ametendewa haki?

Kinyakyusa, kwa asili yake, hakina sauti "r" wala "z". Mtoto aliyelelewa kwa lugha hiyo anakuja shuleni na sauti alizozipata nyumbani. Wala lugha yake si pungufu: ina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano. Matamshi ya mtoto huyu yanatokana na tofauti ya lugha. Yeye si mgonjwa, anahitaji mwalimu mvumilivu.

Lakini yupo mwenzake ambaye hata kwa Kinyakyusa bibi yake hamwelewi, wakati wadogo zake wanaeleweka. Huyu anahitaji msaada kweli. Tukisema "ataacha akikua", tunamdhulumu kama tulivyomdhulumu yule wa kwanza tulipomwita mgonjwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kimaadili ni hili: nyumbani, kwa lugha yake, mtoto anaeleweka? Anayeweza kulijibu ni mama, baba au bibi. Mtaalamu anayempima kwa Kiswahili peke yake hawezi kulijibu.

Baada ya swali hilo, tuangalie mambo matatu.

Kwanza, masikio kabla ya ulimi. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kutamka vizuri. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara yanaweza kupunguza usikivu, na mtoto akadhaniwa mzembe au mkaidi. Apimwe hospitali kwanza. Vilevile tusikimbilie kusema ana udata na kumpeleka akakatwe chini ya ulimi. Watoto wengi wanaochelewa kusema hawana udata, na kuwakata ni kuwaumiza bure.

Pili, ridhaa na siri. Mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa kitakachofanyika na sababu yake, akiwa na uhuru wa kuuliza na hata kukataa. Mtoto naye asikilizwe, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki yake ya kutoa maoni. Taarifa za afya yake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Si habari za kusomwa mstarini asubuhi, wala za kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu alipoletewa kiziwi mwenye shida ya kusema, alimtoa kwanza kwenye umati, akawa naye faragha.

Tatu, mipaka ya ujuzi. Taaluma ya tiba ya usemi na lugha bado ni changa kwetu Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kutoa shahada yake mwaka 2008. Wilayani kama Rungwe, mzigo huu humwangukia mwalimu wa kawaida, au wa elimu maalumu pale alipo. Mwalimu anaweza kufanya mengi: kumkalisha mtoto mbele, kumpa muda mwenye kigugumizi amalize sentensi yake mwenyewe, kuwakataza wenzake kumcheka. Asichoweza ni kutaja ugonjwa ambao hakusomea kuutambua. Aandike alichokiona na kukisikia, kisha amwelekeze mzazi hospitali.

Sisi tunaojiandaa kwa utume tutakabidhiwa shule za parokia, na wazazi watatuamini kabla hata hatujawasaidia. Turudi basi kwa yule mama. Mwalimu angesubiri wengine waondoke, amkaribishe kiti, amsalimu "Ugonile, mama", kisha amuulize: "Nyumbani mwanetu anaongeaje?" Halafu anyamaze, asikilize.