Mwenye boti akipandisha nauli ya mzigo, mwombe mkae mpige hesabu ya petroli

Leo tuongee nauli ya mzigo, hasa sisi tunaouza mtandaoni halafu mteja yuko ng'ambo ya maji. Najua wengi humu mnatuma kwa basi au bodaboda, ila hesabu ni ile ile, badilisha tu chombo.

Duka langu liko Buganguzi, huku Muleba. Nauza magauni, madera, vitenge na viatu vya kike. Bidhaa naposti status ya WhatsApp na Facebook, na karibu nusu ya wateja wangu wako visiwani: Bumbile, Kerebe, Goziba. Visiwani kuna hela jamani, msidharau. Dagaa wakitoka vizuri, mama ntilie wa kule anaagiza madera matatu kwa mpigo. Mteja akishatuma hela kwa simu, mzigo unashuka na pikipiki mpaka mwaloni, unapanda boti ya abiria, anaupokea siku hiyo hiyo. Nauli ya kifurushi ilikuwa 2,000.

Ikaja Agosti 2023. Wengi mnaukumbuka mwezi ule. Bei kikomo ya petroli Dar es Salaam ilitoka 2,736 Julai ikaenda 3,199 kwa mkupuo, shilingi 463 kwa lita ndani ya mwezi mmoja. Huku Kagera ndo usiseme, mafuta yanasafiri mbali mpaka yatufikie, bei yetu huwa juu ya ile ya Dar. Na mwaloni ni juu zaidi, kwa sababu mwenye boti hajazi kwenye pampu, anajaza kwenye madumu, dumu linapanda bodaboda, bodaboda naye anataka chake.

Kaka mwenye boti akaniambia, "Mdogo wangu, kuanzia leo kifurushi 4,000."

Sasa chukua dera la 12,000 ambalo faida yake ni 3,000. Nikibeba mimi ile nyongeza ya 2,000, nabaki na buku. Nikimpelekea mteja, analipa 4,000 kusafirishiwa nguo ya 12,000, na hapo anaanza kumuulizia yule anayeleta mizigo kutoka Mwanza. Vyovyote vile naumia mimi.

Wenzangu wengi hapa wanafanya moja kati ya mawili. Kuna anayelalamika, "kaka nionee huruma", anapunguziwa mia tano ya kumnyamazisha. Kuna anayenuna na kuhamia boti nyingine, ambayo wiki ijayo nayo inapandisha. Kuomba huruma hakukusaidii mbele ya mtu ambaye kweli mafuta yamempandia. Mi nilimwomba tukae chini na kalamu.

Swali la kwanza: safari moja kwenda na kurudi unatumia lita ngapi? Akasema kama 40. Nikachukua ile tofauti ya 463, mara 40, inakuja 18,520. Hiyo ndiyo hela ambayo petroli imemwongezea kwa safari nzima. Siku ile boti ilikuwa na abiria 14 na vifurushi 6. Kama kila mtu na kila kifurushi anaongeza 2,000, hiyo ni 40,000, tena ya kwenda tu, hajageuza. Zaidi ya mara mbili ya kilichoongezeka.

Akacheka. Halafu akanijibu kitu ambacho kilinifundisha zaidi ya hesabu yangu yote. "Waitu, unahesabu kwenda. Kurudi nakuja na watu wanne."

Hapo ndo penye ukweli wa biashara ya boti. Injini haijui kama umebeba watu 20 au wanne, mafuta inakunywa karibu yale yale. Na injini zao nyingi zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa hiyo oili nayo ihesabu. Maumivu yake makubwa yalikuwa safari tupu, bei mpya ikaja kuyatonesha. Tukasema basi, tuchukulie kurudi ni bure kabisa, mzigo wote wa nyongeza ubebwe na wale 20 wa kwenda. 18,520 gawa kwa 20 ni 926. Yaani hata nikimpa haki yote, nyongeza inayoelezeka ni kama buku. Kifurushi 3,000. Ile 4,000 ilikuwa na buku la petroli na buku la hofu ya kesho.

Hofu yake nikaielewa, sikuikebehi. Kama tatizo lako ni nafasi tupu, mi naweza kukujazia nafasi. Nilikuwa nafahamiana na dada wawili wanaouza mtandaoni kama mimi, mmoja yuko Kamachumu, mwingine Muhutwe. Kila mmoja alikuwa anatuma kivyake siku yake. Tukaunganisha: mizigo yote inakutana mwaloni Jumatano na Jumamosi, vifurushi visivyopungua 15 kwa safari, nauli anatumiwa kwa simu kabla boti haijang'oa nanga. Kabla ya hapo alikuwa anadai watu mpaka kisiwani, wengine wanakimbia.

Kwa hayo nikaomba 2,500. Vifurushi 6 kwa 3,000 ni 18,000. Vifurushi 15 kwa 2,500 ni 37,500. Alipoziona hizo namba mbili zimeandikwa pamoja hakubishana sana. Ukitaka kupunguziwa, nenda na kitu cha kumpa. Wingi, siku maalumu na malipo ya mapema ni vitu ambavyo sisi wadogo tunaweza kuvitoa tukiungana.

Kipengele nilichokipigania kuliko vyote ni cha KUSHUKA. Nauli inapanda kwa lifti, inashuka kwa ngazi. Mwaka 2022 tuliona: Mei petroli ya Dar ilifika 3,148, serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni, Agosti ikagonga 3,410, ila kufika Desemba ilikuwa imerudi chini ya 3,000. Kuna mwenye boti mmoja nilikuwa namtumia kipindi kile, alipandisha na Mei, akapandisha na Agosti. Desemba nilipomuuliza akaniambia bei ikishapanda imepanda.

Kwa hiyo safari hii tukaandika kwenye daftari, mimi na yeye, na kila mmoja akapiga picha. Sheria yetu ni mia kwa mia. Bei kikomo ya petroli ya Muleba ikipanda shilingi 100 kutoka ile ya siku tuliyokubaliana, kifurushi kinapanda 100. Ikishuka 100, kinashuka 100. Chini ya hapo hakuna anayemsumbua mwenzake. Hatubishani bei ya dumu wala maneno ya vijiweni, tunaangalia tangazo la EWURA tu. Linatoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, lina bei ya kila wilaya, na hata kama huna bando unapiga *152*00# unafuata maelekezo.

Oktoba Dar ilipanda kidogo tena, haikufika mia juu ya Agosti, hatukugusa kitu. Januari 2024 ikawa 3,084, na huku nako ikalegea, tukashuka mpaka 2,400. Kaka alivuta mdomo kidogo, akafungua picha kwenye simu yake, akasema sawa. Mia moja si hela kubwa. Ila wateja wangu waliona nauli ya boti IMESHUKA, kitu ambacho wengi hawajawahi kukiona maishani.

Kuna mawili usiyasahau kama unatuma majini.

La kwanza ni mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanapumzika, hela inakauka na oda zinakauka. Mwanzoni kaka alitaka vifurushi 15 kila safari bila kukosa, nikamwambia wiki ya mbalamwezi hiyo haiwezekani, tuweke 6. Yeye mwenyewe anajua maji kuliko mimi, akakubali haraka. Kama ningesaini 15 za mwaka mzima ningekuwa namlipia mizigo hewa.

La pili, usimkamue mpaka akose. Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa hili. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, mimi sijazaliwa, lakini nyumba nyingi za huku zina jina la mtu aliyekuwemo, na ilikuwa imejaza kupita kiasi. Mwenye boti akilazimishwa bei isiyomlipa, atafidia kwa kuongeza watu, au atasema jaketi za kuokolea zitanunuliwa mwezi ujao, au atapunguza mafuta ya akiba. Kwa hiyo daftari letu lina mstari mmoja zaidi: boti ikijaa, vifurushi vyetu vinabaki, vinaenda safari inayofuata, na hatumdai fidia. Mteja akichelewa kupata dera siku tatu hatakufa.

Kwa mteja, tenganisha bei ya nguo na nauli, usizichanganye kimyakimya. Mimi naposti status siku moja baada ya tangazo la EWURA, hata kama hakuna kilichobadilika. Chukueni, badilisheni majina ya sehemu:

"Wapendwa wa Bumbile, Kerebe na Goziba, bei za nguo ziko vilevile. Nauli ya boti mwezi huu ni 2,400 kwa kifurushi, inafuata bei ya petroli ya Muleba. Mzigo unaondoka Jumatano na Jumamosi. Mkiagiza wawili kwenye kifurushi kimoja mnagawana nauli. Mwisho wa oda ni saa 2 usiku siku moja kabla."