Neno "Momentamu" Lina Maana Gani?

Siku hizi neno hili halikosi mikutanoni. Mtangazaji wa mpira atasema timu imepata momentamu baada ya bao la kusawazisha. Mwanasiasa atasema kampeni yake ina momentamu. Na kwenye semina za vikundi tunaambiwa, "Msipoteze momentamu!" Wote tunapiga makofi. Lakini ukiuliza ni kitu gani hicho kisichofaa kupotea, mmoja atakuambia ni bidii, mwingine mbio, mwingine nguvu. Si hivyo hasa. Tungependa kulieleza polepole, maanake ndani yake mna jambo la kuvifaa vikundi vyetu.

Neno lenyewe ni la Kilatini, na asili yake ni kusogea au kusogeza. Wanasayansi wana hesabu yake: kilo za kitu mara kasi yake. Basi, ni hivyo tu.

Tuchukue mkokoteni wa maji. Mitungi 10 ya lita 20 ni kilo 200, na mkokoteni wenyewe tuseme kilo 50. Ukisukumwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, mita 1 kwa sekunde, unapata 250 mara 1, yaani 250. Kando yake mtoto wa kilo 30 anakimbia mita 5 kwa sekunde. Yeye ana 30 mara 5, yaani 150. Mtoto anaushinda mkokoteni kwa kasi mara tano, lakini momentamu kubwa ni ya mkokoteni.

Na kila aliyesukuma mkokoteni anajua kwamba jasho jingi ni la kuuondoa pale uliposimama. Ukishaanza kwenda, msukumo mdogo watosha. Ukisimama kila hatua kumi kusalimia watu, utachoka kabla ya kufika nyumbani. Tena kitu kinachokwenda hakisimami chenyewe. Mwingereza Isaac Newton aliliandika jambo hili mwaka 1687: lazima kuwe na kitu cha kukisimamisha. Kwa mkokoteni ni mchanga, matope, au mlima.

Sasa tuje kwa kikundi. Mwenyekiti anayekimbia peke yake ni yule mtoto. Wanachama 25 wanaokwenda polepole, kila mmoja na mchango wake mdogo, ndio mkokoteni. Kikundi kikifunga mikutano tangu mvua za Machi hadi mavuno, kurudi kwake ni kuanza upya: madeni yamelala, nusu ya watu hawaji, mwekahazina hapati daftari. Afadhali mkutano mfupi wa nusu saa na merigoraundi ya shilingi chache kuliko kusimama kabisa. Na kikundi kikisimama tusiseme "kimekufa tu". Tutafute matope yako wapi. Mara nyingi ni hesabu zisizosomwa mbele ya wanachama.

Mfano mzuri tunao hapa Kenya. Tarehe 5 Juni 1977 marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Ni miwili tu iliyoendelea kuishi. Angetazama hiyo tu, kazi ingeishia hapo. Lakini vikundi vya akina mama vijijini vilianza vitalu vyao, wakalipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika. Kila kikundi kiliongeza uzito. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti iliyopandwa na Green Belt Movement ilikuwa imepita milioni 30.

Lakini momentamu si jambo jema siku zote. Ina upande inakoelekea, na ikiwa kubwa ni vigumu kuigeuza. Kwenye mteremko wa Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kwa miaka mingi madereva wengine wa malori walikuwa wakiweka gia huru ili kuokoa mafuta. Lori lililojaa likiteremka hivyo linazidi kupata kasi, breki zinapata moto, na dereva hana la kufanya tena. Watu wengi walipoteza maisha hapo. Ndiyo sababu gari zito hupunguzwa mwendo mapema, kabla ya mteremko.

Kikundi nacho ni hivyo hivyo. Tabia ya kukopeshana bila kuandika, ikishaenda miaka mitatu na wanachama 40, haizuiliki kwa mkutano mmoja wenye kelele. Itapunguzwa kidogo kidogo, mkopo baada ya mkopo, na mtu wa kuitazama kila mwezi.

Kama kikundi chenu kiliwahi kusimama wakati wa kupanda kisha kikaondoka tena, tuandikieni mlivyofanya. Tungependa wengine wasome katika toleo lijalo.