Mti Mmoja, Kupanda Kuwili

Serikali ya Kenya iliitenga tarehe 13 Novemba 2023 iwe siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Watu wakatoka na majembe na miche. Lakini siku nyingine yoyote, mama anayeishi Theta akimwona mwanawe kwenye matawi ya mparachichi, humuuliza, “Nani alikwambia upande huo mti?” Kitenzi ni kilekile na mti ni uleule, ila safari hii jembe halihusiki, na mtoto anajua anatakiwa kushuka.

Theta ni wadi katika eneo bunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, kati ya Ruiru na Thika. Hapa kitenzi kupanda hakina likizo. Alfajiri watu wanapanda bodaboda hadi barabara kuu, kisha wanapanda matatu ya Nairobi. Mvua ikinyesha nauli inapanda. Kliniki mzee anaambiwa presha imepanda, na jioni jirani anasimulia jinsi bintiye alivyopanda cheo. Huko shambani, mahindi yamepandwa na ng'ombe amepandwa na fahali.

Lugha nyingi zina vitenzi vya mwendo vilivyobebeshwa kazi nyingi. Kwa Kiingereza bingwa ni run, yaani kukimbia. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alikichambua kwa miezi tisa, na mwaka 2011 ikaripotiwa kwamba amefikisha maana 645.

Maana nyingi za kupanda zinafuatana vizuri. Kiini chake ni kutoka chini kwenda juu, kama wanavyofanya wanaopanda Kilimambogo, mlima wa mita 2,145 unaoonekana mashariki ya Thika. Anayeingia kwenye gari au ndege naye huinua mguu, akapata mahali juu ya kinachombeba, ndiyo maana hata gari lenye sakafu ya chini kabisa bado “linapandwa.” Kutoka hapo ni hatua fupi kufikia vitu visivyo na miguu: joto, cheo, bei. Wakulima wazee wa kahawa wanaikumbuka bei. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na hadi mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kiasi ambacho Kenya haikuwa imekizoea.

Kupanda kwa mkulima hakumo katika mnyororo huo. Mbegu haiendi juu, inafukiwa. Chukua mkahawa wa Ruiru 11, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti cha Ruiru, ili ustahimili kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda mabichi. Kuupanda ni kuchimba shimo, kuchanganya udongo na mbolea, kushusha mche na kuushindilia. Mikono yote inaelekea chini.

Basi je, hiki ni kitenzi kimoja kilichopotoka njiani, au ni viwili vilivyofanana sauti? Jibu linasikika Theta kwenyewe. Mkulima anayezungumza Gĩkũyũ anasema kũhanda kwa mbegu na mche, lakini kwa mti, mlima au gari anasema kũhaica. Jirani yake Mkamba ana kũvanda kwa mbegu na kũlĩsa kwa mlima. Kũhanda ni ndugu wa damu wa kupanda, kwa kuwa sauti ya p katika Kiswahili mara nyingi hulingana na h ya Gĩkũyũ: kupa ni kũhe, kupona ni kũhona. Lugha hizi jirani hazikuchanganya jembe na ngazi. Ni Kiswahili ambamo vitenzi viwili vilikutana katika umbo moja, na ndiyo sababu kamusi huliingiza neno panda zaidi ya mara moja.

Hata hivyo Kiswahili hakikuviacha vipoteane. Viangalie vinapozaa. Anayepanda mbegu huitwa mpanzi, jina ambalo halimfai kamwe anayepanda mlima. Kupandikiza kumetoka shambani, kwenye miche inayohamishwa kitaluni, kukaingia hospitalini ambako madaktari hupandikiza figo. Upande wa pili, kipando ni chombo au mnyama wa kusafiria. Upandaji nao unatumika pande zote mbili, upandaji miti na upandaji milima.

Methali nazo zimevitenga. Mpanda ngazi hushuka, lakini utavuna ulichopanda. Kupanda kwa mwendo kinyume chake ni kushuka, na hii inakwenda sawa kwa gari, bei, homa na cheo. Kwa mbegu, kushuka hakuna maana yoyote. Kuna kuvuna, au kung'oa.

Shule za Kenya zimezoea swali hili: tunga sentensi kuonyesha maana mbili tofauti za neno panda. Ni swali zuri, na linastahili kuendelezwa kidogo. Mwalimu amwombe mwanafunzi ataje pia kinyume cha kila panda na neno moja lililozaliwa nalo. Atakayeandika mpanzi na kuvuna mstari mmoja, kipando na kushuka mstari wa pili, atakuwa amevitambua vitenzi viwili ambavyo jirani zake wa Theta wanavitamka tofauti kila siku.